Mzazi Asiikute Krismasi kwenye WhatsApp

*Shangazi,*

*Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule binafsi hapa Tanga mjini. Watoto wangu wana miaka mitano na sita, Waislamu na Wakristo karibu nusu kwa nusu. Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, tunafanya Krismasi ya darasa. Mwaka jana niliisimamia kwa mara ya kwanza. Nilisimulia kuzaliwa kwa Yesu, watoto wakaigiza, tukapamba darasa kwa vitu vilivyonunuliwa kwa mchango wa shilingi 10,000 kila mtoto, na Baba Krismasi akaja kugawa pipi.*

*Jioni mama mmoja akanipigia simu. Hakugomba. Aliniuliza kwa nini mwanawe, ambaye ni Mwislamu, amevalishwa mabawa ya malaika, na kwa nini yeye ameyaonea mabawa hayo kwenye picha za WhatsApp. Nilishindwa kumjibu. Baadaye nikasikia kuna mtoto hakuletwa siku hiyo kwa sababu mchango haukulipwa, na mwingine alilia tangu Baba Krismasi alipoingia mpaka alipotoka.*

*Mwaka huu mwalimu mkuu anataka sherehe iwe kubwa zaidi, na theluji ya pamba ukutani. Mwenzangu wa darasa la pili ananishauri niiache hadithi, tufanye mapambo tu, ili tusimuudhi mtu. Mimi ni Mkristo na hadithi ile naipenda, lakini ugomvi na wazazi siutaki. Nifanye nini?*

*Mwalimu wa Awali, Tanga*

Mwalimu,

Nianze na huyo mwenzako, maana ushauri wake unaonekana wa busara na ndio utakaokuharibia. Ukiiondoa hadithi unabaki na nini? Pamba, pipi na mzee mwenye ndevu. Mzazi wa Kiislamu bado atauliza mapambo yale ni ya nini, nawe hutakuwa na jibu hata la kujiridhisha mwenyewe. Mtoto wa Kikristo atakwenda nyumbani akijua kwamba sikukuu yake ni siku ya kupewa vitu. Na yule ambaye kwao hawakupata elfu kumi ndiye atakayeumia zaidi, kwa sababu kinachogharimu ni mapambo. Hadithi haina mchango. Kama kuna kitu cha kupunguza, punguza mapambo.

Sasa yule mama. Alikuuliza mambo mawili, nawe naona umeshikwa na la kwanza ukaliacha la pili lipite. La mabawa ni zito, sikatai, lakini nadhani la picha ndilo lililomfanya ashike simu. Tanga unaijua kuliko mimi: ukoo mmoja una Hamisi na Petro, sinia la biriani la Idd linavuka uchochoro, na la Krismasi linarudi njia ileile. Mzazi wa mji huu hashtuki mwanawe akisikia habari za Krismasi. Ameshazisikia kwa jirani na kwa mjomba. Anachoshtukia ni kwamba shule imeamua jambo linalogusa dini ya mtoto wake, jambo likafanyika, likapigwa picha, kisha yeye akapewa taarifa siku moja na watu wote wa kundi la WhatsApp, tena pengine shemeji yake ndiye aliyemtumia akimuuliza kulikoni. Usingeweza kulijibu swali hilo saa moja jioni. Lilitakiwa kujibiwa wiki tatu nyuma.

Kuhusu mabawa yenyewe, mimi hutenganisha mambo matatu: mtoto kusikia hadithi, mtoto kutengeneza kitu kinachotokana na hadithi, na mtoto kufanywa awe mtu wa ndani ya hadithi. Mawili ya kwanza wazazi wengi hawana shida nayo wakielezwa. La tatu ni jambo jingine. Mtu mzima akiigiza malaika anajua anaigiza. Mtoto wa miaka mitano akivalishwa mabawa, akafundishwa maneno ya kutamka mbele ya watu, anarudi nyumbani akiyatamka hata akiwa anaoga, na mama yake ndiye anayebaki na kazi ya kumfafanulia kwamba hiyo siyo imani yao. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inalinda uhuru wa mtu kuamini dini yake, na shule nyingi zina kipindi cha dini ambapo kila kundi linakaa na mwalimu wake. Igizo lenye maneno ya kuabudu mahali pake ni huko, au Jumapili kanisani. Shule yako ni binafsi, lakini kama ilifunguliwa kupokea watoto wa dini zote, itende hivyo hata mwezi wa Desemba.

Kwa hiyo mwaka huu usimvalishe mtu kitu. Badala yake jengeni mji.

Nieleze. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi aliwatengenezea wanakijiji hori lenye nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda wa kweli, ili watu ambao wasingefika Bethlehemu hata siku moja wauone kwa macho ufukara uliomo ndani ya hadithi. Pango la Krismasi tunaloliona makanisani lilienea sana baada ya hapo. Injili ya Luka, inayotaja hori, haimtaji ng'ombe wala punda. Wamekaribishwa baadaye na wasimuliaji. Basi kama punda ameingia, na kuku wa Tanga naye anaruhusiwa. Chukueni meza moja mtengeneze Bethlehemu: nyumba za maboksi zilizobanana kama za Ngamiani hapo Tanga, milango imefungwa, kisima, mifugo, wachunga kondoo mlimani, nyota juu yao. (Uwaite hivyo hivyo, wachunga kondoo. Mtoto wa mjini ukimwambia "wachungaji" atakuchorea mtu mwenye suti na maikrofoni.)

Tena kila kitu mnacho bure. Desemba ni msimu wa maembe. Waambie watoto walete makokwa ya maembe ya kienyeji, yale yenye nyuzi nyingi zinazobaki kwenye meno. Yaosheni, yaanikeni juani mpaka yakauke kabisa, kisha mpe kila mtoto mswaki wa zamani alichane kokwa lake. Nyuzi zinasimama, nyeupe zenye umanjano, na ghafla mtoto ameshika kondoo mwenye manyoya. Miguu ni njiti za chelewa ulizozikata wewe mwenyewe, zikachomekwa kwenye kibonge cha udongo kilichobandikwa tumboni. Kondoo watasimama upande, wengine wataanguka kila mlango ukifunguliwa. Waache. Kondoo aliyenyooka vizuri sana ametengenezwa na mwalimu, na mzazi anajua.

Mchunga kondoo ni gunzi la hindi lililofungwa kipande cha kanga kuukuu, kichwa cha udongo. Hori ni nusu ya kifuu cha nazi. Gundi pika mwenyewe: unga wa ngano kikombe kimoja, maji vikombe vinne, koroga usiache mabuja, chemsha mpaka iwe kama uji mzito, iache ipoe. Ihifadhi mahali palipofunikwa, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wamefanya sherehe yao. Nyota msizikate kwa mfano mmoja wa mwalimu. Vidole vya miaka mitano bado vinahangaika na mkasi, lakini kuchana karatasi vinaweza, na kule kuchana, kubana na kubandika kunavipa nguvu ya kushika penseli mwezi Januari watakapoingia darasa la kwanza. Kalenda inayokwisha mwaka ina karatasi nzuri inayong'aa. Wachane vipande wabandike juu ya duara la boksi, na hiyo ndiyo nyota. Ikitoka kama chapati, ni nyota ya mtu wa miaka mitano.

Jambo moja la kuangalia sana: usiwape watoto wote kazi ya kufinyanga mtoto Yesu, wala Mariamu. Waislamu wengi hawakubali Manabii wachorwe au wafinyangwe, na Isa kwao ni Nabii, mamake ni mwanamke wa heshima kubwa. Hata baadhi ya Wakristo hawapendi sanamu. Hori lenye nyasi na kitambaa kisafi kilichokunjwa ndani yake linatosha, na watoto watalielewa kuliko unavyodhani. Atakayependa kufinyanga zaidi atafinyanga kwao.

Mji ukishakuwa mezani, hadithi inasimuliwa palepale, watoto wamekaa mkekani kuuzunguka, na vitu vinasogezwa kwa mkono kadiri unavyosimulia. Hapo hakuna mtoto aliyefanywa kuwa mtu fulani, na bado kila mmoja ana kondoo wake anayemwona.

Kwenye kusimulia kwenyewe nina mawili matatu ya kusema, maana najua walimu wa awali mlivyozoea. Usiianze kwa "Hadithi, hadithi!" ili watoto waitikie "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kiitikio hicho ni cha sungura na fisi. Ukikiweka mbele ya jambo ambalo nusu ya darasa wanaliamini, umewaambia ni uongo kabla hujafungua mdomo. Anza tu: "Leo nitawasimulia jambo ambalo Wakristo husimuliana kila mwaka ikifika Krismasi." Ukiisema sentensi hiyo umewapa Wakristo chao, na Waislamu hujawalazimisha kitu. Katikati ya hadithi ukifika kwenye mambo ya imani, irudie: "Wakristo wanaamini kwamba…" Watoto hawachoki nayo. Wao husikia tu namna ya kusimulia.

Kisha ipeleke hadithi kwa miguu. Serikali ilitaka watu wahesabiwe. Wazazi wa watoto wako wanaikumbuka Sensa ya Agosti 2022. Tofauti ni kwamba sisi tulihesabiwa tulipolala, wale walitakiwa kwenda kwenye mji wa ukoo wao. Watoto wa Tanga hilo wanalielewa sana, maana kila Desemba wanasikia habari za mabasi ya Moshi na Arusha yaliyojaa Wachagga wanaokwenda kwao. Yusufu naye alikuwa anakwenda kwao. Kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu ni zaidi ya kilomita 100: ni kutoka hapo Tanga kutembea mpaka Korogwe, na bado hujafika. Na mwenziwe ni mjamzito. Hapo nyamaza kidogo, uwaache watoto waulize. Watauliza walikula nini, walilala wapi, kama kulikuwa na simba. Maswali hayo ni mazuri kuliko mahubiri yoyote utakayoyaongeza.

Walipofika, nyumba za wageni zimejaa. Sogeza kidole mlango kwa mlango kwenye zile nyumba za maboksi, na mwombe mtoto mmoja agonge meza kila unapofika. Nakuhakikishia hawatacheka.

Ukifika kwa mamajusi, ninaomba sana utumie pua. Injili ya Mathayo haisemi walikuwa wangapi, wala haiwaiti wafalme. Watu walihesabu watatu kwa sababu zawadi zilikuwa tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Uvumba huo ni ubani. Nenda sokoni ununue wa shilingi chache, uweke vipande kwenye kisahani, kisahani kizunguke, kila mtoto anuse. Usiuchome ndani ya darasa, kuna wenye pumu. Mtoto wa Kiislamu ataruka: "Huu upo kwetu! Bibi anautia kwenye chetezo!" Na ni kweli, ni uleule. Ubani mzuri unatoka Dhofar huko Oman, na Somalia, na umekuja pwani hii kwa majahazi ya kaskazi karne nyingi kabla ya shule yenu. Katika hadithi yote hiyo ndiyo sehemu ambayo mtoto wa Ngamiani anaijua kuliko mtoto wa London, na ni mwalimu gani atakayeiacha kwa ajili ya theluji?

Mfalme Herode, aliyeamuru watoto wachanga wauawe, usimtaje. Ana wakati wake, na siyo miaka mitano.

Jitayarishe pia kwa mtoto atakayenyoosha mkono aseme: "Mwalimu, siyo hori, ilikuwa chini ya mtende." Huyo hakukosea, na usimsahihishe. Amefundishwa chuoni. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryamu, na ndani yake Maryamu anashikwa na uchungu kwenye shina la mtende, anaambiwa alitikise tende zimwangukie, na chini yake kuna kijito cha maji. Mwambie: "Kweli, ndivyo Kurani inavyosimulia, umesikiliza vizuri chuoni." Ukikwama kwenye habari za Mwana wa Mungu au Nabii, sema Wakristo wanaamini hivi, Waislamu wanaamini hivi, na nyumbani baba na mama watakueleza zaidi. Usijaribu kuzichanganya hadithi mbili zikawa moja ili kila mtu afurahi. Utamuudhi shehe na padri kwa siku moja.

Kuna na kundi ambalo hukulitaja, lakini darasani kwako huenda wamo. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi wala siku za kuzaliwa. Mtoto wa namna hiyo, au yeyote ambaye wazazi wake watasema hapana, asitolewe nje kukaa barazani kama aliyefanya kosa. Mpe kazi inayovutia kama ya wenzake. Mtafute bibi mmoja wa mtaani anayesuka ukili, aje na miyaa yake akae pembeni, awafundishe watoto kusuka kamba fupi ya kikapu. Nakutabiria nusu ya darasa watahamia kwa bibi, na Bethlehemu itabaki na wewe na wachache. Siyo mbaya.

Sasa mwalimu mkuu na Baba Krismasi wake. Usiende ofisini kupinga. Nenda na habari. Mzee huyu chanzo chake ni Nikolasi, askofu wa Myra katika karne ya 4, mji uliokuwa pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Mtu wa pwani, kama nyinyi. Hadithi inayosimuliwa sana juu yake ni ya baba fukara mwenye binti watatu, ambaye Nikolasi alimrushia fedha usiku kwa siri ili asiaibike. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, karibu kabisa na siku mnazofunga shule. Theluji na sleji za kuvutwa na wanyama aliongezewa huko Ulaya na Marekani. Mwambie mkuu hivi: pamba ukutani itagharimu fedha, itaokota vumbi, na katika joto la Desemba la Tanga mtu mwenye ndevu za pamba atatoka jasho mpaka gundi iachie. Mkitaka zawadi, kila mtoto atengeneze kitu kimoja akamwachie mtu kwa siri: mpishi, mlinzi, dereva wa basi la shule. Hiyo ni ya Nikolasi hasa, na mtoto wa dini yoyote anaweza kuifanya. Kama mkuu atashikilia lazima mzee aje, basi avae mavazi yake mbele ya watoto, wamwone ni mjomba wa stoo kabla hajaweka ndevu, na asiwepo wa kumsukuma mtoto anayelia aende kupiga naye picha.

Elfu kumi mwombe aifute. Akisema shule ilishaandika kwenye ratiba ya ada, aseme basi itanunua nini ambacho makokwa na maboksi hayawezi. Huyo mtoto ambaye hakuletwa mwaka jana alijifunza somo moja tu la Krismasi, nalo hukulipanga wewe.

Barua kwa wazazi iandike kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja: tutasimulia nini, tutatengeneza nini, hakuna atakayevalishwa wala kukaririshwa sala, hakuna mchango, na mzazi asiyependa mtoto wake ashiriki aweke alama hapa, mtoto ana kazi nyingine nzuri siku hiyo hiyo. Ongeza kwamba picha hazitawekwa kwenye kundi bila ridhaa. Na ongeza jambo la Idd, lakini liahidi tu kama utalitimiza: Idd husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tazama mwakani inaangukia wapi kwenye muhula, na siku hizo meza ileile ibebe mwezi mwandamo, msikiti wa maboksi na sinia la kaimati za udongo, na wazazi wa Kiislamu ndio waje kusimulia. Ukiahidi usitimize, Krismasi ya mwaka unaofuata usinitumie barua.

Yule mama mpigie leo, kabla ya barua. Usimwombe radhi ndefu. Mwambie ulilifikiria swali lake, mweleze mpango, muulize kama angekuja siku ile na chetezo chake awaonyeshe watoto, bila moto. Akikataa, umemheshimu. Barua za wazazi zitoke Ijumaa hii, mkuu akishatia sahihi, ili mpate wiki mbili za kukausha makokwa.

Shangazi